Glavu Nilizozipa Jina la Uongo

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Ilinichekesha, maana mtu aliyestaafu ndiye asiye na haja kabisa ya kujua ni saa ngapi. Mkanipa na kazi pia: niwaandikie vijana wanaoingia ofisini kwetu mambo niliyojifunza katika miaka yangu ya mpakani. Nilikubali haraka, nikidhani nitaandika vichekesho, na vipo vingi. Lakini wiki tatu baadaye nilirudi pale kazini kwa shauri ambalo sikulipanga, na tangu siku hiyo vichekesho vimenikaukia mdomoni. Basi nitasimulia kwa mpangilio, tangu karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, kama tulivyofundishwa kupanga faili.

Vyeo nitaviruka. Mshahara nao nitauruka, kama wenyewe ulivyozoea kuturuka miezi mingine.

Kwa yule asiyetujua: kampuni yetu inasimamisha nguzo, inavuta nyaya za umeme na kutengeneza laini zilizokatika hapa Bukavu na vijiji vya jirani. Katika vitu vyote tunavyotumia, vinavyopatikana hapa ni miti ya nguzo na jasho. Vingine vyote vinatoka ng'ambo, vinapanda malori kutoka bandarini, vinapita Rwanda na kushuka hadi daraja la Ruzizi. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu. Mimi, Mugisho, nilikuwa mwandishi wa makaratasi ya duane, yaani forodha. Kila kitu kilichovuka kwa jina la kampuni kilivuka kwa mkono wangu.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Cirhuza, aliyekuwa na kazi hiyo kabla yangu. Vifaa vyake vilikuwa vinne: stepla, kalamu mbili za wino wa bluu, na kitabu cha viwango vya ushuru alichokifunga kwa nailoni kama watu wanavyofunga Biblia wakati wa mvua. Cha nne kilikuwa kitambaa cha kufutia viatu. Alisema afisa anaangalia viatu vyako kwanza, kisha karatasi yako, na ukiwa na matope atadhani hata hesabu zako zina matope. Tulishuka hadi darajani, tukasimama kando ya wale mamans, akina mama wanaobeba nyanya na unga mgongoni kuvuka huku na huku. Mimi nikawa nakodolea macho malori.

"Usiangalie camion," aliniambia. "Muzigo haivukake. Karatasi njo inavukaka."

Eti mzigo hauvuki, karatasi ndiyo huvuka; nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kusikika. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa anatania hata kidogo.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kwamba katika kitabu kile kila kitu duniani lazima kiwe na jina, na jina ndilo linaloamua utalipa nini. Fulana zetu za kung'aa barabarani ziliwahi kuvuka kama jezi za michezo. Nakumbuka afisa mmoja alituuliza timu yetu inacheza ligi gani, na Mzee Cirhuza akajibu bila kupepesa macho kwamba tumeshushwa daraja. Tulicheka njia nzima hadi Nyawera, mjini. Nilikuwa kijana, na nilijifunza siku ile kwamba uongo ukichekesha hauonekani kuwa uongo.

Lakini hebu niwaeleze vijana jambo ambalo halichekeshi. Ushuru hautozwi juu ya bei ya kitu peke yake. Unatozwa juu ya bei, pamoja na bima, pamoja na gharama za safari yote. Kwa hiyo mtu wa Bukavu analipa ushuru wa buti, halafu analipa ushuru wa barabara iliyoleta zile buti. Juu yake inakuja kodi ya mauzo, inakuja ada ya ukaguzi, inakuja muhuri wa huku na muhuri wa kule, na mzigo ukichelewa inakuja kodi ya ghala. Kitabu hakijali kama buti ni za kupandia nguzo au za kwendea harusini. Matokeo yake mliyaona wenyewe. Kofia ngumu moja ilivaliwa na watu wawili kwa zamu, na jasho la mmoja likawa la mwenzake. Wapanda nguzo walipanda kwa raba za mitumba kutoka soko la Kadutu. Mikanda ya kujifungia ilishonwa na fundi viatu mpaka ikawa na nyuzi nyingi kuliko ngozi.

Kitu kimoja tu hakikushoneka. Ni glavu za umeme.

Aliyenifundisha glavu ni Murhula, mpanda nguzo wa Bagira, mtu mwembamba aliyependa kupiga mluzi akiwa juu na kunyamaza akiwa chini. Siku moja aliingia ofisini kwangu na pea ya glavu nene za mpira, ndefu hadi kwenye kiwiko. Aliikunja moja kuanzia mdomoni, akafungia hewa ndani mpaka vidole vikavimba, akaiweka kwenye shavu langu.

"Papa Mugisho, unasikia?"

Nilisikia pumzi ndogo ikitoka kati ya kidole na kidole.

"Hii gants iko napumua," alisema. "Gants yenye kupumua, yenye kuivaa njo ataachaka kupumua."

Alikuwa anaomba glavu mpya, na alijua kwa nini hazikuja. Pea ishirini zilikuwa zimefika mpakani kwa jina lao la kweli, na nilikuwa nimeandika kila kitu sawasawa. Basi ikatokea hivi: pea moja ya glavu za umeme ina thamani ya katoni nzima ya glavu za kuoshea vyombo, na ushuru unafuata thamani. Zaidi ya hapo wakadai cheti cha ukaguzi, na cheti kilipaswa kutoka mbali. Kila wiki ya kungoja ilizaa kodi ya ghala. Ilifika mahali kuzitoa kungegharimu kuliko kuzinunua upya, na mkurugenzi akasema ziachwe huko huko. Kwa hiyo Murhula na wenzake waliendelea kuvaa zile zinazopumua.

Agizo lililofuata nililiandika kwa jina lingine. Nilikaa na karatasi mbele yangu muda mrefu, kisha nikaandika kwa Kifaransa kama inavyotakiwa, *gants de ménage*, glavu za usafi wa nyumba. Nikaweka na thamani ya glavu za usafi wa nyumba. Afisa alifungua katoni, akaona mpira, akaona rangi ya machungwa, akapiga muhuri. Zilivuka mchana mmoja. Siku ya pili Murhula aliniletea sahani ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilizokaangwa na mkewe, nikazila pale pale mezani, nikijiona mtu mwema. Nasema kweli, nilijiona mtu mwema kwa miaka.

Uongo ule ulihitaji mlinzi mmoja tu, mzee aliyetunza depo, yaani ghala letu chini ya ofisi. Kila mzigo ukifika nilishuka kwake nikamwambia kwa mdomo, "zile za ménage ni za watu wa nguzo," naye akaziweka mahali pake. Haikuandikwa popote. Ingeandikwaje? Tuliishi hivyo, yeye na mimi, na wapanda nguzo wakawa na mikono.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ndiyo sababu niliizoea.

Yule mzee wa depo alistaafu, na mahali pake akaja Furaha. Alikuwa mwanamke makini kuliko sisi sote. Alisafisha rafu, akaandika kila kitu kwenye kompyuta, akabandika majina, na hakuna msumari uliotoka bila sahihi. Wiki ileile mzigo wa glavu ulipokuwa njiani, mjomba wangu alifariki kisiwani Idjwi. Nilipanda boti kwenda matanga. Nilikaa huko siku sita, mtandao haushiki, na nilikuwa nimesahau kumwambia Furaha neno moja. Ningeweza kupita depo kabla ya kwenda bandarini. Ilikuwa ngazi kumi na mbili kushuka.

Nilirudi Jumatatu asubuhi, nikaenda ofisini moja kwa moja kutoka kwenye boti. Kwenye korido alikuwa Maman Nabintu, mfanya usafi wetu, mama aliyetoka Walungu, ambaye aliniita papa ingawa tulilingana umri. Alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu ya choo kwa maji ya javeli, yale makali ya kuua vijidudu. Mikononi alikuwa amevaa glavu za rangi ya machungwa zilizofika kwenye viwiko.

"Pole na matanga, papa," alisema, akainua mikono nione. "Angalia, banatupatia gants. Iko nguvu sana, javeli haiingie. Lakini inabana, bidole haiwezi kukunja muzuri."

Nilisimama pale na mfuko wangu wa ndizi za Idjwi. Nilijua kabla hajamaliza. Nilimuuliza Murhula yuko wapi.

Aliketi kwenye visigino vyake. "Haukusikia? Vendredi umeme ilimukamata. Iko ku hospitali."

Furaha alikuwa amefuata karatasi. Karatasi ilisema glavu za usafi, naye akawapa watu wa usafi. Murhula alikwenda kuuliza glavu za umeme, akaangaliziwa kwenye kompyuta, hazikuwepo. Siku ya Ijumaa waya ulikatika Kadutu baada ya mvua, mtaa mzima ulikuwa gizani na watu wanapiga simu kwa hasira. Laini ilizimwa, akapanda na zile kuukuu. Mtu mmoja mtaani aliwasha jenereta yake bila kujitenga na laini, umeme ukarudi nyuma ukapanda kwenye waya ambao kila mtu alidhani umekufa. Murhula hakufa. Madaktari waliikata mikono yote miwili, juu kidogo ya viganja.

Tume ya kampuni ilikaa siku mbili. Makaratasi yangu yalikuwa safi, hayana doa. Furaha aliulizwa kwa nini hakuzitambua glavu za umeme.

"Mi nilisoma karatasi," alijibu. "Karatasi iliandika ménage, nikapatia ba ménage. Nani aliniambia ingine?"

 Mimi nilikuwa mezani pale pale, nikiangalia dirisha. Usiku wa kuamkia kikao mkurugenzi alikuwa amenipigia simu. "Mugisho, ukisema, hiyo inaitwa fraude, kuiba ushuru. Duane watatufunga, na hawa watu wote watakula wapi?" Ningependa kuwaambia kwamba niliwafikiria hao watu wote. Nilijifikiria mimi. Niliogopa jela, niliogopa aibu, na mwanangu wa mwisho alikuwa chuo kikuu. Furaha alifukuzwa kazi. Kwenye faili lake waliandika "uzembe," na faili hilo liko bado katika kabati la pili, upande wa kushoto. Naomba ukurasa huu uwekwe ndani yake. Leo anauza maharage sokoni, na kwa miaka nimepita barabara ya chini ili nisikutane na macho yake. Nakala ya kwanza ya maandishi haya nimempelekea yeye. Hajanijibu.

Mtaniuliza kama baada ya hapo niliacha. Niliacha. Niliapa kanisani, mbele ya Bikira Maria, kwamba sitaandika tena jina la uongo. Agizo lililofuata nililiandika kweli tupu: glavu za kukinga umeme, thamani kamili, na cheti nikakiomba mapema. Zilikaa ghalani mpakani msimu wote wa mvua. Nilikwenda kila wiki na viatu vinavyong'aa. Zilipotoka, tarehe zilizopigwa muhuri kwenye mpira, zile za kupimwa upya, zilikuwa zimepita, na mjini hapa hakuna mashine ya kuzipima. Watu wa nguzo walikuwa wamefanya kazi miezi yote ile na mifuko ya nailoni waliyoifunga juu ya glavu kuukuu, kitu kisichozuia lolote ila woga.

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, na haujapona. Nilikuwa nimesema uongo na mtu akapoteza mikono. Nilisema ukweli na hakuna glavu iliyofika. Agizo la tatu nikarudia *gants de ménage*. Nikashuka zile ngazi kumi na mbili, nikamwambia kwa mdomo mwenye depo aliyemfuata Furaha. Na hivyo hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka kustaafu. Muhuri wa mpakani umepata wakubwa wengine, na kesho atakayeushika simjui. Hesabu ya ushuru haijabadilika.

Wiki tatu baada ya kuniaga nilipanda taksi ya kwenda Bagira, kwa Murhula. Nilitaka kumwambia kabla mmoja wetu hajafa. Aliponiona mlangoni alininyooshea mkono wake usio na kiganja, kama tunavyosalimiana mtu akiwa na mkono wenye maji au matope, nami nikaushika. Mkewe alileta chai, akamnywesha yeye kwanza kwa kijiko, kisha akatuacha.

Nilimwambia yote.  Nilipomaliza aligeukia uani, kuku wakichakura.

"Na kama ungeandika bien, ya kweli," aliuliza, "ile gants ingefika?"

"Hapana," nilimwambia. "Nilijaribu baadaye. Haikufika."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea, ingawa ningepaswa.

"Mudogo yangu, Safari, njo alichukua nafasi yangu. Ile kazi njo kampani ilinilipa nayo. Iko anapanda hata leo." Akanigeukia. "Gants yake munaandika namna gani?"

Karatasi ya mwisho ya maisha yangu ya kazi ilikuwa ya glavu. Niliiandika wiki niliyoondoka, kwa jina lilelile, na mzigo ulikuwa bado njiani. Siku ya kukabidhi ofisi nilitia sahihi orodha ndefu ya vitu: funguo, stepla, mihuri miwili, kitabu cha ushuru. Orodha ile haina mstari wa mambo yanayosemwa kwa mdomo. Mwenye depo niliyemzoea alikuwa amehamishwa mwezi mmoja kabla. Yule mpya sikumwambia. Nilikuwa na saa ya ukutani mkononi, watu wanapiga picha, nikaenda nyumbani.

Sikumaliza chai. Murhula alisema tu, "Basi uende."

Mwenye depo mpya, niliyemwendea moja kwa moja kutoka Bagira, ni mtu wa adabu. Alinipa kiti, akafungua kompyuta, akanionyesha rafu. Zilikuwa chini, kati ya ndoo na mafagio, pea zote isipokuwa moja. Nilimwambia hizo ni za Safari na wenzake. Akanitolea karatasi, mwandiko wangu, wino wangu wa bluu.

"Papa, karatasi iko inasema ménage. Na weye ulishaacha kazi. Nitaandika nini?"

 Niliuliza pea iliyotoka ilikwenda kwa nani, akasema kwa Maman Nabintu, na sahihi yake ipo. Safari, alisema, yuko Kadutu tangu asubuhi.

Nilimkuta Maman Nabintu kwenye korido ileile, amezeeka, amepiga magoti, anasugua kwa javeli. Mikono yake ilikuwa mitupu. Ngozi ya vidole ilikuwa imekuwa nyeupe na kupasuka hadi kwenye kucha.

"Gants balikupatia iko wapi?" nilimuuliza.

Alionyesha kabati la mafagio. Zilikuwa ndani, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge, hazijavaliwa.

"Mi ile siivalake tena," alisema. "Iko ya ba Murhula. Nilikuwa nangojea mutu mwenye anaijua arudi."

Halafu akakumbuka kwamba hatujasalimiana. Kwa kuwa viganja vyake vilikuwa na maji, alininyooshea kifundo cha mkono, kama Murhula.